Ridhaa ya Marehemu Feruzi

Kuna nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu ombi la kulitaja bado linashughulikiwa. Ni nchi nzuri. Ina mvua mbili kwa mwaka, ina bendera, na ina Sheria ya Kujua. Siku sheria hiyo ilipopitishwa, wabunge walipiga meza mpaka miguu ya meza ikalegea, na Mheshimiwa Rais akaitia saini kwa kalamu mbili, moja kila mkono, kuonyesha kwamba hakuna mkono wake unaoficha kitu. Sheria yenyewe ina ukurasa mmoja tu. Inasema kila mwananchi ana haki ya kujua jambo lolote lililo mikononi mwa serikali. Mambo ambayo mwananchi hatakiwi kuyajua yameorodheshwa katika kitabu cha pili, na kitabu hicho ni siri.

Bi Mashavu aliisikia habari ya sheria hiyo redioni akichambua mchele, akaona haimhusu. Kila alichotaka kujua wakati ule alikuwa akikijua: mumewe Feruzi angerudi saa kumi, angevua viatu mlangoni, na angelalamika kuhusu vumbi.

Feruzi alikuwa karani wa Masjala Kuu kwa miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kupokea barua za wananchi, kuzipiga muhuri wa IMEPOKELEWA na kuzipanga rafuni. Kuzijibu ilikuwa kazi ya idara nyingine, ambayo mipango ya kuianzisha ilikuwa imefika hatua nzuri. Kwa hiyo rafu zilipanda mwaka hadi mwaka, zikagusa dari, zikaanza kuinama. Jumanne moja asubuhi ilikuja barua ya mzee mmoja aliyeuliza kilichoipata barua yake ya mwanzo. Feruzi aliipiga muhuri, akapanda ngazi kwenda kuiweka karibu na mwenzake. Rafu ilikuwa imevumilia yote, lakini hiyo haikuweza. Ilimwangukia na barua zake zote.

Serikali ilimheshimu sana. Ilimzika siku ileile, kabla hata mkewe hajaambiwa, katika Makaburi ya Watumishi Waliotukuka, kwa tarumbeta na mizinga mitatu. Bi Mashavu aliisikia mizinga hiyo akiwa sokoni, akauliza kuna sherehe gani. Kesho yake aliletewa cheti cha shukrani kilichowekwa kwenye fremu.

"Mume wangu mmemzika wapi?" aliwauliza walioleta.

"Kwa heshima zote, mama."

"Sawa, lakini wapi? Kaburi lipi?"

Wale mabwana walitazamana. Ndipo ilipojulikana kuwa orodha ya makaburi ilikuwa imefanywa siri tangu saa tisa ya jana. Serikali ilikuwa imefikiri mbali. Atakayelijua kaburi la Feruzi atauliza alikufaje. Akiambiwa ni uzito wa barua, atauliza ni barua ngapi. Na idadi ya barua zisizojibiwa ni jambo linaloweza kuwafurahisha maadui wa taifa.

Sasa watu wa nchi hiyo wana desturi yao. Mtu akifa huhesabiwa kuwa yuko safarini mpaka mtu wake wa karibu ammwagie maji kaburini kutoka kwenye kibuyu na kumwita kwa jina. Hapo ndipo huwa amefika. Kabla ya hapo, kila chakula kinapoiva, naye hupakuliwa sahani yake, ikawekwa mkekani pale alipozoea kukaa. Kwa kawaida sahani hukaa siku mbili, ikizidi sana tatu. Ya Feruzi ilikuwa inaingia mwezi wa nne. Bi Mashavu alikuwa akipakua, anasubiri, wali unapoa, mchuzi unaganda, halafu anawamwagia kuku.

"Shoga," Bi Kurwa, jirani yake, alimwambia akichungulia juu ya ua, "kuku wako wamenona mpaka wanashindwa kuruka. Wewe mwenyewe shingo imekuwa kama ya bata. Nenda ukaombe hiyo namba. Si sheria ipo?"

Bi Mashavu akaikumbuka ile redio.

*

Alijaza fomu. Mahali palipoandikwa "Habari inayoombwa" aliandika: *Namba ya kaburi la mume wangu Feruzi Mkadamu.* Mahali palipoandikwa "Sababu" aliandika: *Nimmwagie maji.* Karani wa dirishani aliisoma, akaipiga muhuri wa IMEPOKELEWA, akamwambia atajibiwa ndani ya siku ishirini na moja.

Siku ya ishirini na moja alijibiwa kweli. Barua ilimshukuru kwa kuitumia haki yake na kumjulisha kwamba muda umeongezwa kwa siku ishirini na moja. Zilipoisha akaletewa nyingine iliyomshukuru zaidi. Ya tatu ilimshukuru hata ikasahau kutaja siku.

Alipokwenda kuulizia, akaelezwa kuwa anayo haki ya kukata rufaa dhidi ya ucheleweshaji. Alikata. Rufaa za ucheleweshaji zilikuwa nyingi, kwa hiyo nazo zilikwenda kwa zamu, na ya kwake ilipofikiwa mwaka ulikuwa umepita. Uamuzi ulikuwa wa haki kabisa: ofisi ilikosea kumchelewesha, na iliamriwa imkatalie mara moja.

Ndivyo alivyofika mbele ya Bwana Sadala, Afisa Mkuu wa Uwazi, mtu mnene, mpole, mwenye kiti kinachozunguka. Katika chumba chake dirisha lilikuwa limezibwa kwa makabati.

"Karibu mama, karibu sana. Hapa ni nyumbani kwako," alisema. "Nimeagizwa nikukatalie, na nisingependa nikukatalie umesimama."

Bi Mashavu akaketi.

"Namba ya kaburi," alisema Bwana Sadala, "ni habari binafsi. Ni anwani ya mtu. Mimi siwezi kukupa anwani ya mtu bila ridhaa yake."

"Mtu mwenyewe ni mume wangu."

"Ndiyo maana tunamlinda. Ungeshangaa, mama, wanaume wangapi wasingependa wake zao wajue walipo."

"Feruzi amekufa, bwana. Ninyi ndio mliomzika."

"Mimi sijasema hajafa. Mimi nasema hajaridhia." Akavuta karatasi, akaandika polepole huku akitamka kila neno. "Tutamwandikia. Tutampa siku tisini, kama raia mwingine yeyote. Akikubali, namba utapata siku hiyohiyo. Nani atakuzuia?"

Wakamwandikia. Siku tisini zikapita. Feruzi hakujibu.

Kwa kanuni za ofisi hiyo, mtu asiyejibu amekataa. Bwana Sadala alimwita Bi Mashavu, akamkaribisha chai, akainamisha kichwa kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Pole sana, mama. Mumeo amekataa."

Bi Mashavu alijua kuwa hilo ni jambo la kipuuzi. Alijua tangu neno lilipotoka kinywani mwa yule mtu. Lakini alipokuwa akirudi nyumbani alikaa kwenye ukingo wa mtaro. Jumanne ile, kabla Feruzi hajatoka, walikuwa wamenuniana siku ya pili, ugomvi mdogo tu wa mwavuli wa Bi Mashavu, ambao Feruzi aliupeleka kazini akausahau huko. Feruzi alisimama mlangoni akasema, "Mama Zena, nakwenda." Naye aliendelea kusugua sufuria, mgongo ameuelekeza mlangoni. Alisikia viatu vikishuka ngazi. Hakusema "haya," hakusema "nenda salama," hakusema kitu.

Basi naye amekataa, aliwaza. Kisha akajikemea, akainuka, akaenda kupika, kwa kuwa saa ya kupakua ilikuwa imekaribia.

*

Alikata rufaa ya pili, safari hii katika Baraza Kuu la Kujua. Hoja yake aliandikiwa na binti yake Zena, aliyefika sekondari, na ilikuwa mstari mmoja: *Aliyekufa hawezi kuombwa ridhaa.*

Jibu la Bwana Sadala lilikuwa na kurasa arobaini. Katiba ya nchi, alieleza, inaheshimu mila. Kwa mila, mtu asiyemwagiwa maji yuko safarini. Mtu aliye safarini yu hai, ila tu hayupo. Na mleta rufaa mwenyewe anaukubali ukweli huo mara mbili kila siku, mchana na jioni, anapompakulia sahani.

"Acha kumpakulia basi!" Bi Kurwa alipiga kelele aliposomewa. "Wanakukamata kwa mwiko wako mwenyewe!"

Bi Mashavu alirudi kwa Bwana Sadala, akamuuliza kama akiacha itasaidia.

"Itasaidia sana," alisema yule bwana kwa furaha. "Itathibitisha kuwa umemtelekeza mumeo kabla hajafika. Na mke aliyemtelekeza mumewe hana haki ya kuulizia habari zake. Rufaa itafutwa, utapumzika."

Mchana ule Bi Mashavu alijaribu hata hivyo. Aliifunika sahani ya Feruzi kifudifudi rafuni. Akapakua yake, akakaa, akatia tonge mdomoni. Tonge halikushuka. Akainuka, akaigeuza sahani, akapakua.

Baraza, kwa uangalifu wake, halikutaka kutegemea maneno ya upande mmoja. Lilimtuma Mkaguzi akaishuhudie sahani yenyewe. Alikuja saa saba mchana, kijana mwembamba mwenye mkoba mkubwa, aitwaye Pazi. Alikuwa ametembea kutoka mjini. Akavua viatu, akapima umbali kutoka jikoni hadi mkekani, akachora ramani.

"Hii ndiyo sahani inayohusika?"

"Ndiyo hiyo."

"Leo kuna nini?"

"Wali, mchicha na samaki wa kukaanga."

Mkaguzi Pazi akaandika. Akaitazama sahani, akaandika tena. Akaitazama sana. "Mama, kwa kawaida huwa mnaifanyaje baadaye?"

"Nawapa kuku."

"Kuku!" alisema Pazi, na sauti ikamtoka kama mtu aliyeumizwa. "Samaki huyu?"

Bi Mashavu alimwona jinsi kola ya shati ilivyomning'inia shingoni. "Kula, mwanangu," akamwambia. "Utakuwa umetoka mbali."

Kijana alikula yote, akalamba na vidole, akashukuru, akaomba maji, akaondoka. Alikuwa mtumishi mwaminifu, na taarifa yake haikuwa na neno moja la uongo. Ilisema: *Saa saba na robo sahani ya mjibu rufaa iliwekwa mahali pake ikiwa na chakula. Saa saba na nusu chakula kilikuwa kimeliwa. Kuku hawakuhusika.*

*

Taarifa hiyo ilisomwa mara mbili mbele ya Baraza, na mara ya pili watu walipiga makofi. Bwana Sadala alisimama, akafuta jasho.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi sina la kuongeza. Mtu amekula. Tena amemaliza."

"Aliyekula ni mkaguzi wenu!" Bi Mashavu alisema. "Niliona huruma, nikamwambia ale!"

"Kuna maandishi yanayosema hivyo?" aliuliza Mwenyekiti. Alikuwa mzee mwenye miwani ya kamba, na kofia ya manyoya juu ya meza mbele yake.

"Hakuna. Muulizeni mwenyewe."

"Mkaguzi amehamishwa. Kituo chake kipya ni siri." Mwenyekiti aligeuza karatasi. "Shauri hili ni la Bi Mashavu dhidi ya Feruzi Mkadamu. Mjibu rufaa yupo?"

Askari akatoka mlangoni, akaita, "Feruzi Mkadamu!" Akaita mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Mara ya tatu aliliimba jina kama anayeadhini, na watu waliokuwa barabarani wakasimama. Bi Mashavu aliziba masikio. Alikuwa akilitunza jina hilo kwa ajili ya siku ya maji, na sasa askari alikuwa akilitupa ovyo barabarani.

"Hayupo," alisema askari.

Mwenyekiti akatoa uamuzi, na magazeti ya nchi hiyo baadaye yaliusifu kwa ubinadamu wake. Baraza haliwezi kumhukumu mtu asiyekuwepo. Huenda mjibu rufaa hakupata taarifa. Kwa hiyo apelekewe wito kwa mkono, mahali anapoishi, mbele ya shahidi mmoja, naye ajieleze ndani ya siku tisini. Asipojieleza, atahesabiwa kuwa ameshikilia kukataa kwake.

*

Bi Mashavu alibaki kwenye benchi la nje. Hakuwa na mahali pa kwenda. Ilimchukua muda kutambua kitu, na alipokitambua aliinuka ghafla hata benchi likalia. Kama wito utapelekwa kwa mkono mahali Feruzi anapoishi, basi yupo mtu anayepajua.

Mtu huyo alikuwa Hamdani, tarishi wa Baraza, aliyekuwa ukumbini akifunga wito kwa uzi. Walifahamiana, alikuwa akinywa kahawa na Feruzi kila asubuhi.

"Shemeji, usiniulize ninakokwenda," Hamdani alisema kabla hajaulizwa. "Nimekula kiapo. Nikikuambia, nitakosa na pensheni."

"Sikuulizi."

"Ila natafuta shahidi. Wito unataka shahidi, na ofisi nzima imekwenda kunywa chai." Alikohoa. "Sheria haisemi shahidi awe nani."

Bi Mashavu alikimbia nyumbani kuchukua kibuyu. Alikuwa hajakimbia tangu ujana wake. Alikijaza maji mpaka shingoni, akakifunga kwa kanga, na ndani ya saa moja walikuwa wakitembea pamoja, tarishi mbele na kitabu chake kwapani, yeye nyuma.

Langoni mwa Makaburi ya Watumishi Waliotukuka mlinzi aliandika: *Tarishi mmoja, shahidi mmoja, kibuyu kimoja cha maji.* Kisha akafungua.

Makaburi yalikuwa arobaini na moja. Yote yalikuwa ya saruji nyeupe, yote urefu mmoja, hayana jina wala namba, ili kusiwe na upendeleo. Hamdani hakusitasita. Alipita safu ya kwanza, akaingia ya pili, akasimama kwenye kaburi la tatu, chini ya mti wa mwarobaini. Juu yake kulikuwa na ile barua ya kuomba ridhaa, imekunjamana kwa mvua, imekandamizwa kwa jiwe. Akainua jiwe, akaweka wito, akarudisha jiwe.

Bi Mashavu alipiga magoti. Kizibo kilimshinda, akakivuta kwa meno. Alimwaga kidogo, maji yakatiririka kwenye saruji iliyochomwa na jua. "Feruzi," aliita. "Feruzi, mwenzangu. Siku ile nilikusikia. Nilikuwa nimekasirika tu. Nenda salama..."

"Shemeji."

Hakugeuka.

"Shemeji, subiri kwanza. Usiyamalize maji." Hamdani alikuwa amevua kofia, anaikunja na kuikunjua. "Mimi... si kwamba najua ni hapa."

"Unasemaje?"

"Niliiomba hiyo namba, mwanzo kabisa, waliponipa ile barua ya ridhaa. Wakanijibu mimi si mhusika. Na barua lazima ifikishwe, shemeji, kitabu lazima kitiwe saini. Nikazunguka, nikazunguka. Basi nikachagua hapa." Akatazama juu kwenye majani. "Hapa pana kivuli."

Bi Mashavu alibaki amepiga magoti. Maji aliyoyamwaga yalikuwa tayari yamekauka, kumebaki doa. Chini ya doa hilo alikuwapo mtu wa watu, labda mtunza ghala, labda dereva wa waziri, naye alikuwa ameombwa radhi kwa kosa asilolijua.

Hakulia. Alikitikisa kibuyu, akasikiliza kilichobaki. Kisha akaenda mwanzo wa safu ya kwanza. Aliweka maji kiganjani, akanyunyizia kaburi, akaita, "Feruzi." Akaenda la pili. "Feruzi." Hakuongeza neno, maana kulikuwa na jua kali na makaburi mengi. Hamdani alimfuata nyuma akihesabu kwa vidole. La kumi. La ishirini. Akawa anachovya ncha za vidole tu. Katika kaburi la ishirini na sita aligeuza kibuyu, akakipiga tako, kikadondosha tone moja, na jingine halikutoka.

Yalibaki kumi na tano.

"Hapa hakuna bomba?" aliuliza.

"Lipo. Ni la bustani ya Waziri. Lina fomu yake."

Hamdani akafungua kitabu chake, akakiweka juu ya kaburi lililokuwa karibu, akatoa kalamu. "Shemeji, naona haya kukuambia. Lakini pana saini yako hapa. Ya shahidi."

"Nimeshuhudia nini?"

"Kwamba wito umemfikia mwenyewe."

"Na nisipotia?"

"Rufaa inakufa leo."

Alijua saini hiyo inafanya nini. Wito ukiwa umefika, Feruzi atakuwa ameitwa kihalali. Asipojibu atakuwa amekataa tena, na safari hii kwa ushahidi wa mkewe. Alisoma mstari ule mara mbili. Akatia saini, kwa herufi kubwa za shuleni, na Hamdani akaipulizia wino ikauke.

Langoni mlinzi alimsimamisha.

"Mama, kibuyu kiliingia na maji." Akakichukua, akakigeuza. "Sasa hakina. Maji yako wapi?"

"Nimeyamwaga."

"Umeyamwaga wapi?"

"Makaburini."

"Kaburi la nani? Lazima niandike, mama. Hapa hatumwagi tu vitu."

"Sijui, mwanangu," alisema Bi Mashavu. "Ningejua nisingefika kwako."

Mlinzi hakuridhika. Alikuwa na sheria yake. Alimpa fomu, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kujaza: habari inayotakiwa, jina la marehemu, namba kamili ya kaburi. Serikali ina haki ya kujua, alimweleza bila ukali, na atatakiwa kuileta ikiwa imejazwa yote ndani ya siku ishirini na moja.

"Na kwa upande wenu wananchi," alisema akifunga lango, "muda huwa hauongezwi."